Mlango wa Mtaa wa Juu

Mkurugenzi wa bwawa alizitazama picha zile mpaka mwisho bila kugusa simu yake, jambo ambalo wafanyakazi wake hawakuwahi kuliona. Zilipokwisha alibaki ameegemea meza, kidole mdomoni, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Nimefanya kazi juu ya maji haya tangu nywele zangu nyeusi," alisema hatimaye. "Nilijua chini kuna mji. Lakini kujua ni kimoja, na kuona ni kingine."

"Hata mimi, mkurugenzi, kila nikishuka naona kama sijawahi kushuka," alijibu Chura.

Jina la Chura alibandikwa na mafundi wa mitambo, siku ya kwanza walipomwona akitoka majini na vazi lake jeusi la mpira. Walidhani atakasirika. Yeye akasema afadhali chura, maana chura ana kwake majini na kwake nchi kavu, ilhali wao hata hiyo nchi kavu inawashinda. Tangu hapo walimheshimu. Kazi yake ilikuwa kukagua malango ya bwawa la umeme: kukaza nati, kukwangua kutu, kuondoa magogo yaliyonasa. Ni katika kazi hiyo, msimu mmoja maji yalipotulia yakawa maangavu kama kioo, ndipo alipouona mji uliofunikwa na ziwa bwawa lilipojengwa. Aliomba kibali cha kupiga picha za video, akapewa. Sasa alikuwa ameomba kibali cha kuzitangaza, kwa sababu kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kimeona kipande kidogo tu na kikataka filamu nzima.

"Kupiga picha nilikuruhusu, maana ziwa ni letu," alisema mkurugenzi. "Kuzitangaza ni habari nyingine. Nyumba zile zina wenyewe. Kila ambaye nyumba yake inaonekana, akubali kwa kinywa chake." Akamgeukia Afisa Vibali, kijana mrefu aliyekuwa amesimama dirishani. "Wamekubali wote?"

"Wote, isipokuwa mmoja."

"Nani huyo?"

Afisa alikohoa kidogo. "Mama yangu."

Chura alimtazama. Yeye akatazama ziwa.

Chura na Afisa walipotoka kwa mkurugenzi walitembea bega kwa bega bila kugusana, kama walivyozoea mbele za watu. Sheria ya bwawa ilitaka kila mpiga mbizi anaposhuka awepo mtu wa ofisi juu, kwenye boti, akishika simu ya waya iliyounganishwa na kofia ya mzamaji. Mtu huyo alikuwa Afisa. Msimu mzima alikaa juu ya maji akisikiliza pumzi za mwanamke asiyemwona, zikiingia na kutoka, zikipungua kasi anapotulia, zikikimbia anapoona la ajabu. Baadaye alikuja kumwambia Chura, "Wengine huanza kumpenda mtu kwa macho. Mimi nilianza kwa pumzi." Chura alicheka siku hiyo. Alipofika kwake alijifungia chumbani, akasikiliza pumzi zake mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza sasa.

"Nilidhani atalegea. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Nikimuuliza sababu anasema, ua wangu si sinema."

"Na kuhusu mimi umemwambia?"

"Nimemwambia kuna mtu."

"Mtu wa aina gani?"

"Mtu wa kazini."

"Basi kesho mtu wa kazini anakwenda kumsalimia mama yako," alisema Chura. "Na usinitangulie kwa maneno."

*

Mama yake Afisa alikuwa mshonaji wa sare za shule. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa ndicho karakana: cherehani mbili, meza ya kukatia, vitambaa vya rangi ya bluu vimepangwa mpaka karibu na dari, na vipande vya nyuzi sakafuni ambavyo havikwisha hata ukifagia mara ngapi. Chura alipofika alasiri ile, alimkuta ameketi na tepu ya kupimia shingoni, anafumua pindo la sketi kwa ncha ya mkasi. Pembeni yake, juu ya kochi, alikuwepo shangazi yake Afisa, mwanamke mnene mwenye macho ya uchangamfu, anachambua vifungo.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," walijibu pamoja. Mama alimpima kwa jicho, kuanzia bega mpaka kiuno, kama apimavyo wateja.

"Huyu ni mwenzangu wa kazini," alisema Afisa. "Ni mpiga mbizi wa bwawa."

"Mwenzako wa kazini," alirudia shangazi, akitupa kifungo kwenye kopo. "Wifi, umesikia? Mwenzake wa kazini. Mbona kijana amevaa shati la sikukuu siku ya kazi?"

"Shangazi," alinung'unika Afisa.

"Mapenzi ni kikohozi, mwanangu. Kohoa tu, tusikie."

Mama hakucheka. Aliweka mkasi chini. "Kwa hiyo wewe ndiye unayeogelea juu ya nyumba yangu."

"Ndiye mimi, mama."

"Na wewe ndiye unayemrudisha mwanangu nyumbani na shati linanuka ziwa."

Chura alijikuta hana pa kuyaweka macho. "Nadhani ndiye mimi vilevile."

"Basi leo umekuja kwa maombi mawili," alisema mama. "Nikujibu lipi kwanza?"

"Sikuja kukubembeleza, mama. Nimekuja ukione nilichokiona. Ukishaona, ukisema hapana, nafuta picha zote mbele yako, hata zile za nyumba za watu waliokubali. Mji wenyewe ni mmoja. Siwezi kuuonyesha huku nyumba moja imenikatalia."

Afisa aligeuka ghafla. Hilo hawakulizungumza. Kazi ya msimu mzima, na kituo cha televisheni kilichokuwa kikisubiri, vyote vilikuwa vimewekwa juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Mama alimtazama msichana huyo kwa muda. Kisha akamwambia mwanawe, "Washa televisheni." Chura akaiunganisha na kompyuta aliyokuja nayo.

Mwanzo palikuwa na kijani tupu, kijani kinachopumua, na vumbi la majini likipita kama mvua inayonyesha kwenda juu. Halafu polepole, kama mtu anavyokumbuka ndoto, kijani kile kikafanya mistari. Mistari ikawa nguzo za taa, na nguzo zikajipanga pande mbili za barabara. Kamera ilipita katikati yake ikielea, na mwanga wa jua uliochujwa na maji ulicheza juu ya lami kama vile kuna mtu huko juu anapunga shuka la hariri.

Kopo la vifungo likatulia mikononi mwa shangazi.

Ilikuja shule. Ngazi zake zilikuwa nzima, zimetandikwa tope laini mfano wa majivu. Kundi la samaki wadogo lilitoka dirisha moja na kuingia dirisha la pili, wote kwa mara moja, wamepangana kama wanafunzi waliosikia kengele.

"Hawajaacha utoro," alisema shangazi kwa sauti ndogo. Kisha akasogea mbele kwenye kochi. "Ngoja. Lile dirisha la ghorofani, lenye vyuma vilivyopinda. Ni mimi niliyevipinda. Nilikuwa natoroka kwenda kumwona marehemu mume wangu, kabla hajawa mume." Alikuwa akitabasamu na machozi yanamtoka. "Wifi, tazama. Bado vimepinda."

Tepu ilikuwa imemtoka mama shingoni, ameizungusha mkononi, ameikaza.

Barabara ilipanda. Maji yakapungua kina, mwanga ukaongezeka, na mtaa wa juu ukatokea, nyumba zisizo na mapaa, kuta zimevaa ukungu wa kijani. Kamera ilifika kwenye ua wenye ukuta mfupi. Nyumba ya ua ule ilikuwa na kitu ambacho hapana nyumba nyingine iliyokuwa nacho: mlango. Ulikuwa mlango wa mbao nzito, umefungwa.

"Mabati tuliyabeba, madirisha tukayang'oa," alisema mama, kana kwamba anajisemea. "Mlango nilikataa usiguswe."

Kamera ikageuka nyuma ya nyumba. Hapo ulisimama mlimau. Haukuwa na jani hata moja, lakini matawi yake yote yalikuwa pale, yameota manyoya laini ya kijani, na yalisogea taratibu. Mtu angeapa kwamba ni upepo.

"Simamisha," alisema mama.

Afisa akasimamisha. Mama aliinuka, akasogea karibu na kioo, akaweka vidole viwili chini ya mti ule, upande wa ukuta.

"Hapa yupo mwanangu," alisema.

Afisa alimsogelea. "Mama?"

"Dada yako. Alikutangulia. Hakukaa sana, homa ilimchukua hata kutembea hajajua." Alikuwa anasema bila kugeuka. "Alikuwa halali mpaka umlaze chini ya mlimau. Tukamlaza hapo. Watu wa bwawa walipokuja kuuliza makaburi ya kuhamisha, baba yako akanitazama, nami nikamtazama. Tukasema hatuna kaburi. Mtoto alikuwa amelala kwao, nani angemwamsha? Ndiyo maana mlango niliuacha. Nyumba yenye mtoto haiachwi bila mlango."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ukimwambia mtu jambo kama hili anakuonea huruma. Mimi sikutaka huruma. Nilitaka tu pawe pake." Ndipo akageuka, akamtazama Chura. "Sasa umeelewa. Sitaki mtu anatafuna chakula chake mbele ya televisheni, anampita mwanangu kama anapita gogo."

Shangazi alikuwa ameshika kichwa. Yeye alilijua, ilionekana alivyolia bila kushtuka.

Chura aliinuka kwenye kiti akaketi chini, sakafuni, kati ya nyuzi zilizokatwa. "Mama, sikujua," alisema. "Pale nilipiga magoti. Mahali hapo hapo ulipoweka vidole. Nilikaa mpaka huyu akaniita kwenye simu, akidhani nimezimia."

"Nakumbuka," alisema Afisa. "Pumzi zako zilibadilika. Nikakuuliza umeona nini, ukaniambia, nyamaza kwanza."

"Ulipigia magoti nini?" aliuliza mama.

"Ukiruhusu, iendelee kidogo. Usiporuhusu, nitakusimulia kwa mdomo."

Mama alirudi kitini. Alipanga magoti yake sawasawa, kama mtu anayeketi kupokea mtoto wa kumpakata. "Iendelee."

Chini ya mlimau mchanga ulikuwa safi, umechimbwa mviringo kama sahani. Juu ya sahani ile alielea samaki jike, mkubwa kama kiganja cha mtu mzima, na mbele ya uso wake vilielea vijipande vidogo, vingi, vyenye kung'aa, mfano wa punje za ulezi zilizotupwa hewani zikakataa kuanguka. Kamera ilisogea. Kila punje ilikuwa na macho.

"Ni watoto," alinong'ona shangazi.

Kivuli kilipita juu yao, cha samaki mwingine, mrefu, mwenye njaa. Jike hakukimbia. Alifungua kinywa. Na wale watoto, wote, kwa mara moja, wakaingia humo kama moshi unaorudi chunguni, mpaka pasiwe na kitu mbele yake isipokuwa maji. Akafunga kinywa, akabaki hapo hapo, mashavu yamevimba, anamtazama adui yake. Kivuli kilizunguka, kikachoka, kikaenda zake. Hapo jike akafungua kinywa tena, akawatema taratibu mmoja mmoja chini ya kivuli cha mlimau, naye akawa anawazunguka, anawakusanya.

Chura alikuwa ameshaiona picha hiyo mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na bado nywele za mkononi zilimsimama. Alipoinua macho alikuta Afisa hatazami televisheni. Alikuwa anamtazama yeye, kwa macho ya mtu aliyepewa ndugu na kunyang'anywa alasiri moja, na ambaye alitaka kuishika mikono iliyobeba kamera ile. Hakuishika. Mama yake alikuwepo.

"Hapo hapo?" aliuliza mama.

"Hapo hapo, mama. Nyuma ya nyumba nyingine zote sikuwakuta."

Mama alitikisa kichwa polepole. Alikuwa na sura ambayo mwanawe hakuwahi kuiona, sura ya msichana. "Basi hakai peke yake," alisema.

Chura alisimama, akaenda kwenye kompyuta. "Kipande hiki ni chako. Nakitoa kwenye filamu, na nakuachia wewe peke yako. Kwangu hakitabaki."

"Ndicho walichokipenda watu wa televisheni," alisema Afisa. "Walisema filamu ianze nacho."

"Nitawaambia hakipo."

"Bila hiki watakuchukua?" aliuliza mama.

"Sijui, mama."

Mama aliliokota pindo alilokuwa analifumua, akalitazama, akaliweka tena. "Barabara onyesha. Shule onyesha, na dirisha la huyu mwizi wa waume. Mlango wangu pia onyesha, kwa nje, watu wajue kwamba tuliishi kama watu. Ua hapana. Hilo ni jibu la ombi la kwanza."

"Ahsante, mama."

"Usishukuru bado. La pili ni gumu." Alimwonyesha mwanawe kwa mkasi. "Mtoto mmoja tayari yuko chini ya maji. Huyu nimebaki naye juu. Leo ananiletea mke ambaye kila asubuhi anashuka huko huko. Unataka nizeeke nikitazama ziwa kama litamrudisha mtu?"

Swali lile lilimchoma Chura mahali ambapo hata baridi ya vilindini haijawahi kufika. Angeweza kusema ataacha kazi. Maneno yalimjia mpaka kwenye ulimi. Lakini alijua yangekuwa uongo, na uongo katika chumba kile, baada ya yaliyosemwa, ungekuwa uchafu.

"Siwezi kukuahidi maji, mama. Maji si yangu," alisema. "Ninachoweza kukuahidi ni kwamba sishuki bila mtu wa juu. Na mtu wa juu ni huyu. Akiniambia panda, napanda, hata kama naona dhahabu."

"Kweli?" mama alimuuliza mwanawe.

"Huwa anagoma kwanza," alisema Afisa. "Lakini hupanda."

Shangazi alicheka huku anapenga kamasi. "Wifi, anayegoma kwanza ndiye mke. Asiyegoma ni mgeni."

Mama hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Aliuliza jambo lingine kabisa. "Ndani uliingia?"

"Sikuingia. Mlango ulikuwa umefungwa, nami sikuwa na ruhusa yako."

Mama alisikiliza cherehani ya jirani ikikimbia upande wa pili wa ukuta. "Nataka kuona ndani," alisema. "Nipelekeni."

*

Asubuhi waliyokwenda, ziwa lilikuwa limelala. Mama na shangazi waliketi kwenye boti ya kazi wamefungwa majaketi ya kuelea, shangazi akilalamika kwamba lake limeshonwa na mtu asiyejua kifua. Afisa alikagua mpira wa kupitishia hewa, kisha mshipi, kisha kofia, na alipofika kwenye kofia vidole vyake vilichelewa kidogo shingoni mwa Chura. Mama aliona, akatazama maji.

Chura alishuka. Baridi ilimpokea miguuni, kiunoni, kifuani, na mara ulimwengu ukawa pumzi yake tu na kijani kile. Juu ya boti, picha ya kamera yake ilikuwa inafika kwenye kioo kidogo walichokiinamia wote watatu.

"Nakusikia," sauti ya Afisa ilisema ndani ya kofia. "Pumua polepole."

"Napumua."

Mtaa wa juu ulijitokeza chini yake, nyumba baada ya nyumba, na jua la asubuhi lilikuwa limeingia majini kwa pembeni, miale mirefu imeegemea kuta kama ngazi. Alipita mbali na mlimau, hakuugeuzia kamera. Alitua mbele ya mlango. Tope liliinuka, likamzunguka, likatulia.

Simu ilikwaruza. Safari hii haikuwa sauti ya Afisa.

"Uko wapi sasa?" aliuliza mama.

"Niko mlangoni kwako, mama."

"Naona." Pumzi ya mama ilisikika, nzito, ya mtu asiyezoea kuzungumza na waya. Chura aliweka kiganja juu ya mbao, tayari kusukuma.

"Subiri," alisema mama. "Usiingie hivyo hivyo. Bisha hodi."

Chura alikunja ngumi ndani ya glovu. Aligonga, na mlio ulitoka mzito, wa taratibu, ukasafiri ndani ya nyumba ile iliyokuwa haijagongwa tangu ziwa lizaliwe.

"Hodi," alisema.

Hakujibiwa. Samaki mmoja alitoka juu ya ukuta pasipo na paa, akamtazama, akarudi ndani. Chura alingoja. Alisikia moyo wake masikioni, na juu kabisa, mbali, alisikia mtu analia na mtu mwingine anamnyamazisha, na kati yao pumzi za mwanamume aliyezijua kama alivyozijua zake.

Hatimaye sauti ya mama ilikuja, safi, sauti ya mwenye nyumba.

"Karibu, mwanangu. Ingia."

Mlango ulifunguka bila ubishi.